Walioanza na Waliomaliza



Yatokapo matokeo ya darasa la saba, sote huuliza: wamefaulu wangapi? Asilimia hiyo ni ya waliofanya mtihani tu. Walioandikishwa pamoja nao darasa la kwanza, kisha wakaishia njiani, hawamo. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua ameruhusiwa kurudi darasani. Basi korosho zidondokapo mwezi Oktoba, ni nani amtumaye mtoto kuziokota siku ya masomo? (Jumamosi ipo!) Naiomba kamati ya shule ilinganishe daftari la walioanza na la waliomaliza, kisha twende nyumba kwa nyumba kuwauliza waliopungua.