Usitupe Kompyuta ya Zamani: Njia ya Kuhamia Mfumo Huria bila Kupoteza Kazi

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wenye saiba, walimu wa vyuo vya ufundi, makarani wa ofisi za wadi na viongozi wa vikundi vya wananchi)



Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Asubuhi iliyofuata kompyuta ziliwaka kama siku zote. Karani aliandika barua zake, mwenye saiba akachapisha fomu za wateja, mwalimu akaandaa mtihani. Hakuna aliyeona tofauti, na ndiyo sababu jambo hili hupuuzwa kwa urahisi. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: tundu jipya likigunduliwa katika mfumo huo, mtumiaji wa kawaida haletewi tena kiraka cha kuliziba. Watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha walipewa mwaka mmoja wa ziada, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashirika hulipia nyongeza yao.

Hatari hii inamgusa hata asiyemiliki kompyuta. Mwananchi akiingia saiba huandika nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na nenosiri la eCitizen. Mzazi huja na stakabadhi za mtoto anayeomba mkopo wa HELB. Siri hizi zote hupita katika mashine moja inayoguswa na watu wengi kila siku, na flashi za kila aina huchomekwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Mashine isiyopata masasisho ya usalama ni nyumba yenye mlango mzuri na kufuli mbovu.

Mwenye kompyuta kama hiyo ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni kupandisha mashine hadi Windows 11. Mfumo huo unadai kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida hiyo ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine nyingi zilizotumika ng'ambo na kuuzwa katika miji yetu ni za vizazi vya kabla ya hapo. Kwa mwenye mashine hizo, kupandisha mfumo maana yake ni kununua kompyuta nyingine.

Njia ya pili ndiyo iliyozoeleka: kumwita fundi aweke nakala isiyo na leseni na kuifungua kwa programu ya kuvunja kufuli. Huo ni ukiukaji wa Sheria ya Hakimiliki. Zaidi ya hayo, programu hizo za kuvunja kufuli humtaka mtu azime ulinzi wa kompyuta yake kwanza, na mara nyingi virusi hupenyea hapo hapo. Mwenye saiba anayefanya hivyo huenda anampa mwizi ufunguo wa duka na wa nyumba za wateja wake kwa pamoja.

Njia ya tatu ni kubadilisha mfumo wenyewe na kuibakiza mashine.

Mfumo endeshi ndio programu mama inayoiamsha kompyuta, ikasimamia kibodi, skrini, printa na faili, na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Windows ni mmoja tu kati ya mifumo hiyo. Linux ni mwingine. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Tangu hapo maelfu ya watu na kampuni kutoka pande zote za dunia wameendelea kukijenga. Leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Ndiyo maana unaitwa mfumo huria.

Kiswahili hapa kina faida, kwa kuwa kinatenganisha neno "bure" na neno "huria". Cha bure hakina bei. Cha huria hakina pingu. Mfumo huria kwa kawaida haulipiwi leseni, lakini mafunzo, muda wa fundi na siku za mazoezi vina gharama. Anayemwambia mwananchi kwamba kuhama hakugharimu chochote anamdanganya.

Pia mfumo huu si mgeni nchini. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo anayeibeba mfukoni tayari anautumia. Katika hospitali, mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS, ulioanza mwaka 2004, una mizizi yake katika kazi ya madaktari na wataalamu wa Eldoret na kituo cha afya cha Mosoriot pamoja na wenzao wa Marekani. KenyaEMR imejengwa juu yake. Huko Tanzania, mwaka huo huo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Hata Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux inayojulikana zaidi, ulianzishwa mwaka huo na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu".

Swali lililobaki ni namna ya kuhama. Hapo ndipo wengi hujikwaa, na miji mikubwa imewahi kujikwaa pia. Mifano miwili ya Ulaya inafaa kutazamwa kwa makini.

Mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamisha kompyuta za ofisi zake kwenda Linux. Kufikia mwaka 2013 karibu mashine 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Lakini idara zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa na programu zilizofungamana na Windows. Malalamiko ya watumishi yaliendelea, siasa nazo zikaingia, na mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows.

Jeshi la polisi la Ufaransa liitwalo Gendarmerie lilikwenda kwa mwendo mwingine. Mwaka 2005 lilianza kwa kubadilisha programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, Windows ikiwa bado ipo. Baadaye likabadilisha kivinjari cha intaneti na programu ya barua pepe. Ilipofika mwaka 2008 ndipo lilipoanza kuhamia Ubuntu, na kwa hatua. Askari walipoikuta Ubuntu, zana walizozitumia kila siku walikuwa wamekwisha kuzizoea. Kilichobadilika kilikuwa jengo, vyombo vya ndani vilikuwa vile vile. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta za jeshi hilo zinaendeshwa na mfumo huo.

Mifano hii haifanani katika kila jambo, lakini mwendo wa Ufaransa una somo ambalo hata ofisi ya wadi inaweza kulifuata: programu zitangulie, mfumo ufuate. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa mwenye saiba, ofisi au chuo, kazi hiyo ina hatua tano.

Hatua ya kwanza ni orodha. Aandike kila kazi inayofanywa na kompyuta yake kwa wiki mbili: kuandika barua, kuchapisha, kupiga skani, kujaza fomu za serikali, kuhariri picha, kuweka hesabu. Karibu na kila kazi aandike programu anayoitumia. Huduma inayofunguliwa kwenye kivinjari, kama eCitizen, haitegemei sana mfumo ulio chini yake. Programu zinazowekwa ndani ya mashine ndizo za kuchunguzwa.

Hatua ya pili ni kuweka LibreOffice na Firefox kwenye Windows ile ile na kuzitumia kwa mwezi mmoja. LibreOffice huandika barua, hupiga hesabu za majedwali na huandaa maonyesho. Hufungua pia faili za Microsoft Office, ingawa jedwali tata au fonti isiyokuwepo inaweza kusogea. Mwezi huo ndio wa kugundua faili zipi zinasumbua. Ofisi ikianza kupeleka barua zilizokamilika kwa PDF, tatizo la kusogea kwa maandishi hupungua sana.

Hatua ya tatu ni nakala. Kila faili ihifadhiwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba faili zinasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa haitegemeki. Kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta diski nzima, na picha za harusi au daftari la chama likishafutika, huenda lisirudi kamwe.

Hatua ya nne ni kuonja kabla ya kununua. Mifumo mingi ya Linux, ikiwemo Ubuntu na Linux Mint, huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Katika hali hiyo mtumiaji ajaribu kila kilichomo katika orodha yake: Wi-Fi, printa, skana, sauti, kamera. Kikikataa kitu, anazima, anachomoa flashi na Windows yake iko pale pale. Linux Mint inahitaji mashine ya biti 64 yenye RAM ya GB 2 kwenda juu, ingawa GB 4 inapendekezwa, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Toleo lake la Xfce ni jepesi na huwafaa wenye mashine za zamani. Faili la mfumo lipakuliwe kutoka tovuti rasmi ya mradi wenyewe, lisiombwe kwa flashi ya mtu asiyejulikana.

Hatua ya tano ni kuhamisha mashine moja tu. Saiba yenye kompyuta sita ihamishe moja, iiweke mahali wateja wanapoiona, na iwaachie wafanyakazi wazoee. Mashine ya pili ifuate wakati ya kwanza imekwisha kuacha kuzua maswali.

Wapo ambao hawapaswi kuhama, au wahame kwa sehemu tu. Adobe Photoshop na CorelDRAW leo hazina toleo la Linux. Mwenye studio ya picha au duka la kuchapisha mabango anayeishi kwa programu hizo anaweza kujaribu GIMP na Inkscape, lakini asiuvunje mfumo unaomlisha kabla hajapata ujuzi mpya. Vivyo hivyo kwa mhasibu ambaye programu yake ya hesabu ni ya Windows pekee, na kwa ofisi yenye kifaa cha alama za vidole ambacho mtengenezaji wake hakutoa programu ya Linux. Hao wanaweza kubakiza mashine moja yenye Windows halali inayopata masasisho kwa kazi hizo maalumu, na nyingine zote wakazihamisha.

Mfumo huria nao unahitaji kutunzwa. Masasisho yake yawekwe yanapotoka, nenosiri la msimamizi lisibandikwe ukutani, na mteja wa saiba apewe akaunti ya mgeni isiyohifadhi alichoandika. Mtu anaweza kuibiwa nenosiri kwa ujumbe wa uongo kwenye mfumo wowote ule.

Kwa vyuo vya ufundi kuna nafasi kubwa zaidi. Kijana anayesoma kurekebisha kompyuta akijua kuhifadhi nakala, kujaribu mfumo kwa flashi na kumfundisha mteja kwa subira, ana kazi mkononi, kwa maana mashine zinazohitaji huduma hiyo ziko katika kila soko. Kompyuta iliyopata uhai mpya pia ni kompyuta ambayo haikutupwa jalalani pamoja na risasi na kemikali nyingine zilizo katika vifaa vya umeme.

Kazi ya wiki hii ni ndogo na haimgharimu mtu shilingi: kuchukua karatasi na kuanza orodha ya hatua ya kwanza. Mwenye orodha hiyo ataweza kuzungumza na fundi kama mwenye mali, na ataamua kubaki au kuhama akijua anachokiacha na anachokifuata.