Njia za data: foleni ya Naif ndani ya swichi za hifadhi

Msikilizaji aliyewahi kufika Naif, mtaa wa kale wa Deira mjini Dubai, anaijua hali ya barabara zake. Maduka yamebanana, na wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh ni miongoni mwa wanunuzi wanaofika upande huo wa mji. Lori moja likisimama kupakua marobota mbele ya ghala, magari yote yaliyo nyuma yake husimama pia, hata yale yasiyokuwa na haja na ghala hilo. Kufungua njia ya pili ya kufikia mlango uleule hakusaidii kitu, kwani anayechelewesha ni mpokeaji wa mzigo.

Hali kama hiyo huwakabili mafundi wa mitandao ya hifadhi ya data. Mteja anapolipa kwa kadi dukani, kumbukumbu ya malipo yake huweza kupita katika swichi kadhaa kabla ya kuandikwa kwenye diski za benki. Teknolojia inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Fibre Channel, ambayo kiwango chake cha msingi kilipitishwa nchini Marekani mwaka 1994. Intaneti ikielemewa hutupa pakiti, kisha huzituma upya. Mtandao wa hifadhi umejengwa ili usitupe: swichi haipeleki fremu yoyote mpaka upande wa pili utangaze kwamba una nafasi ya kuipokea.

Njia yenyewe huchaguliwa kwa hesabu ya gharama. Kila kiungo kati ya swichi mbili hupewa gharama kulingana na kasi yake; kwa kawaida kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde hupewa 1000, na cha gigabiti 2 hupewa 500. Kisha kila swichi hutafuta njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Hesabu hiyo ilibuniwa na mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, mwaka 1956, akiwa mkahawani mjini Amsterdam bila kalamu wala karatasi. Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, jeshi la polisi la Dubai lilianzishwa na kuwa na makao yake ya kwanza katika ngome ya Naif.

Hapa ndipo fundi asiye makini hunaswa. Kiungo kimoja cha moja kwa moja chenye gharama ya 1000, na mzunguko wa viungo viwili vya 500 kila kimoja, kwa swichi ni njia zilizo sawa, na data itagawanywa kati yake. Aliyekusudia mzunguko uwe wa akiba hana budi kupandisha gharama yake kwa mkono.

Panapokuwa na njia zilizo sawa, huzuka suala la mpangilio. Fundi anaweza kuamuru kwamba kila kinachoingia kwa mlango fulani wa swichi kifuate njia moja daima. Mpangilio hulindwa, lakini njia moja huweza kujaa huku ya pili ikikaa tupu. Anaweza pia kugawa kwa kila tendo la kusoma au kuandika: fremu zote za tendo moja hufuatana, na tendo linalofuata huweza kupita kwingine. Utaratibu huu wa pili ndio unaofaa mara nyingi, ingawa baadhi ya mitambo, hasa ya kompyuta kuu za zamani, ilidai ule wa kwanza.

Kiungo kikikatika ghafla, fremu zilizoelekezwa upya zinaweza kuzipita zilizotangulia. Swichi nyingi zina agizo la kulinda mpangilio hata wakati huo, lakini agizo hilo lina bei: swichi husubiri kidogo, na huenda ikazitupa fremu zilizobaki njiani. Kuliwasha bila kuuliza kama mitambo inalihitaji ni kosa.

Lakini hakuna agizo la njia linalomponya mpokeaji mzembe. Seva moja ikichelewa kutangaza nafasi, fremu zake hujazana ndani ya swichi, kisha kwenye kiungo cha pamoja, na seva nyingine zisizo na hatia husimama, kama magari ya Naif nyuma ya lori. Wengi hukimbilia kununua kiungo cha ziada. Heri wangeanza kuitafuta seva hiyo.

Jambo la mwisho halionekani katika hesabu ya gharama. Tarehe 30 Januari 2008, mikongo miwili ya chini ya bahari ilikatika karibu na Alexandria, Misri. Tarehe 1 Februari, mkongo wa FALCON ulikatika kilomita 56 kutoka Dubai, kati ya Falme za Kiarabu na Oman. Baadaye ilipatikana hapo nanga iliyotelekezwa yenye uzito wa tani 5 hadi 6. Mitandao hiyo ni ya aina nyingine, lakini mikongo ya Misri ilionyesha kwamba njia mbili zinazohesabiwa kuwa tofauti zaweza kupita katika bahari ileile. Mkongo wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009, ulianzia Fujairah, pwani iliyo nje ya mlango wa Hormuz.

Kwa sababu hiyo benki hujenga mitandao miwili ya hifadhi isiyogusana, na kila seva huunganishwa na yote miwili. Hata hivyo, nyaya za mitandao hiyo zikilazwa katika mtaro mmoja, sururu moja yatosha kuzikata zote. Fundi mwangalifu huomba kwanza mchoro wa mitaro. Kisha, katika saa ya usiku iliyokubaliwa, huchomoa waya mmoja kwa makusudi na kutazama kama malipo bado yanaandikwa.