Mkataba wa shamba kwanza: maneno kwa watu wa Kingi



Tumeombwa tuseme namna Kingi inavyoweza kuvuta wenye mali waje na fedha zao, na wageni waje kupumzika. Milima ya Masisi imeitwa Uswisi ya Afrika tangu zamani. Jibini yetu, iliyoanzishwa na mapadri wa Kibelgiji, hutengenezwa vilimani bila umeme, huliwa Goma, na hadi mwanzoni mwa 2025 ilikuwa ikipanda ndege kwenda Kinshasa. Uzuri tunao, na kazi tunaijua. Tunachokosa ni mkataba.

Sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Haki za mashamba ya kimila ziliachwa zingoje amri ya Rais, na watu wakaingoja miaka mingi. Mwenye cheti akapata malisho makubwa; jirani yake analima kipande kwa msimu mmoja, akilipa fedha, mazao au siku za salongo. Mahindi hakatazwi. Anakatazwa mti, maana mwenye ardhi anaogopa kwamba aliyepanda mti au mgomba kesho atasema shamba ni lake. Basi mlima unabaki uchi, mvua inateremsha udongo, na hasara inawapata wote wawili. Wako wafugaji wema hapa, tunawajua; lakini mtoto hurithi shamba bila kurithi maneno ya baba yake.

Mwaka 1993 mapigano yalianza Ntoto, Walikale, yakafika Masisi, na ugomvi wa ardhi ulikuwa ndani yake. Februari 2025 kambi za wakimbizi kandokando ya Goma zilibomolewa, familia nyingi zikarudi Masisi. Aliyerudi akikuta mwingine analima shamba lake, ataonyesha nini?

Tunaomba mikataba iandikwe kwa Kiswahili na isomwe mbele ya mashahidi wa kila kabila. Iwe ya miaka mitano, malipo yatajwe, wala mtu asiondolewe kabla ya kuvuna. Mkulima aruhusiwe kupanda majani ya malisho kukata mteremko: yatashika udongo, na ng'ombe wa mwenye ardhi watakula. Wageni na benki tutawaita baadaye. Bunduki zingali milimani, hatutawadanganya. Mkataba hauhitaji benki. Ya kwanza isomwe kabla ya kupanda kwa Septemba.