Nguo za Kazi za Mwalimu na Mikono ya Watoto

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Wekeni kalamu chini kwa muda. Leo sikilizeni kwanza. Baadaye mtayasoma maneno haya haya katika karatasi zenu, pole pole, pamoja na mwalimu wenu.

Leo tutazungumza habari za mtu ambaye wengi wenu mnampelekea watoto kila asubuhi. Mtu huyo ni mwalimu wa Darasa la Kwanza katika shule ya msingi hapa Tanzania. Tutatazama anavaa nini akienda kazini, na anafanya kazi gani pamoja na watoto. Mambo haya mawili huenda pamoja, kama jembe na mpini wake.

Huenda umepita karibu na shule ukasikia kelele. Ukachungulia dirishani. Ukaona watoto wamekaa chini, wanapanga vizibo vya soda. Mwalimu amechuchumaa katikati yao. Kanga aliyojifunga kiunoni ina udongo, na vidole vyake ni vyeupe kwa chaki. Ukaenda zako ukisema moyoni, "Mwalimu gani huyu? Watoto wanacheza, naye anacheza nao. Mwalimu wetu sisi alisimama mbele, nguo zimenyooka, fimbo mkononi."

Neno hilo si dogo. Mzazi akidhani kwamba mwalimu anacheza, humsema nyumbani, na mtoto husikia. Mzazi mwingine humchapa mtoto jioni kwa sababu amerudi na shati lenye udongo. Kesho yake mtoto huyo hatii mkono wake katika kazi. Hukaa pembeni na kuogopa. Wenzake wanahesabu, yeye analinda shati. Basi na tujue mwalimu anafanya nini, ili tusimharibie mtoto masomo yake kwa ajili ya doa ambalo sabuni inaweza kuliondoa.

NGUO ZA KAZI

Mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilitoa waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, ili wavae nguo za heshima wawapo kazini. Kwa hiyo mwalimu hana ruhusa ya kuvaa nguo fupi mno au ya kubana. Hilo ni jambo la kwanza, nalo ni jema.

Lakini kuna jambo la pili. Nguo ya mwalimu ni chombo cha kazi. Mvuvi havai kanzu nyeupe akienda kuvuta wavu. Fundi seremala havai suti akipiga randa. Mwalimu wa watoto wadogo naye huinama, huchuchumaa, hupiga magoti, hunyanyua mikono ubaoni, na husimama kwa saa nyingi. Nguo yake lazima ikubali mambo hayo yote.

Tumtazame mwalimu mwanamke. Gauni la kitenge, refu kupita magoti, pana upande wa chini, humfaa sana. Akichuchumaa, heshima yake haivunjiki. Kitenge cha pamba hunyonya jasho. Maua yake mengi huficha vumbi la chaki, lakini nguo nyeusi huonyesha kila alama. Mikono ya gauni ikiishia kwenye kiwiko, haifuti maandishi ubaoni. Akimwambia fundi cherehani amshonee mifuko miwili mikubwa ubavuni, hapo hutia chaki, kamba na vijiti. Siku ya kazi ya udongo, hujifunga kanga kuukuu juu ya gauni. Kazi ikiisha, huifungua, hunawa, na anaonekana nadhifu tena.

Sasa mwalimu mwanamume. Suruali ya kitambaa, isiyobana magotini, na shati la mikono mifupi humtosha. Tai ni nzuri siku ya mkutano wa wazazi. Siku ya kubandika karatasi, tai huchovya katika gundi. Wote wawili, mwanamume na mwanamke, wavae viatu vya chini, visivyo na visigino virefu. Miguu ikiuma, hata sauti ya mwalimu huwa kali.

Tukumbuke pia kwamba mwalimu hununua nguo hizo kwa mshahara wake mwenyewe. Kwa hiyo usishangae ukimwona na gauni lile lile Jumatatu na Alhamisi. Tazama kama ni safi. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Usimpime mwalimu kwa bei ya nguo yake. Mpime kwa yale ambayo mtoto anajua leo, na jana hakuyajua.

VIJITI NA VIZIBO

Haya, sasa tuingie darasani. Tangu mwaka 2015, mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili hapa Tanzania umetilia mkazo mambo matatu: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Tunayaita KKK. Tuanze na hesabu.

Mwalimu ameandika ubaoni 13 + 9. Mtoto anajumlisha 3 na 9, anapata 12. Anaandika 12. Kisha anaona ile 1 iliyobaki, anaiandika mbele. Jibu lake ni 112! Mtoto hakufanya ukaidi. Amefuata alama alizoziona, ila hajui kwamba 1 katika 13 maana yake ni kumi.

Mwalimu anaweza kuweka alama ya kosa na kupita. Mtoto atanyamaza, na kosa litabaki naye. Lakini mwalimu huyu anachuchumaa karibu naye. Anatoa vijiti mfukoni. Anahesabu pamoja na mtoto vijiti 10, anavifunga kwa kamba. Hilo ni fungu moja. Pembeni anaweka vijiti 3. Hiyo ndiyo 13. Sasa anampa vijiti 9 vingine. Vijiti vilivyo huru ni 12. "Je, tunaweza kufunga fungu jingine?" Mtoto anahesabu 10, anafunga. Sasa ana mafungu mawili na vijiti 2. Mafungu mawili ni 20, na 2, jumla 22. Mtoto anaitazama ile 112 katika daftari lake, anaifuta mwenyewe.

Huo si mchezo. Mtoto huyo ameshika kumi mkononi mwake. Siku moja atakwenda sokoni, naye atajua chenji yake. Ninyi mnaojifunza hesabu ukubwani mnajua uchungu wa kupokea chenji usiyoweza kuihesabu.

HERUFI ZA UDONGO

Tuje kwenye kusoma na kuandika. Herufi b na d huwasumbua watoto wengi, na watu wazima pia. Zote zina mti na tumbo. Tofauti ni upande wa tumbo tu. Mwalimu huwapa watoto udongo wa mfinyanzi. Kila mmoja huviringisha kamba ya udongo, akatengeneza mti, kisha tumbo. Anapitisha kidole juu yake, huku akisema "ba, be, bi, bo, bu." Jicho linaona, sikio linasikia, kidole kinagusa.

Pasipo na udongo, mchanga hufaa. Mwalimu hutia mchanga mkavu katika sinia au sanduku la karatasi ngumu. Mtoto huandika kwa kidole. Akikosea, hutikisa sinia, kosa likafutika. Hakuna karatasi iliyopotea, wala hakuna aibu.

Pia maboksi ya dukani hukatwa kuwa kadi za silabi. Picha hubandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, iliyopikwa kama uji mzito. Na mbegu ya maharage huwekwa katika pamba mbichi ndani ya chupa. Baada ya siku chache, watoto huona mzizi ukishuka chini na jani likipanda juu. Kila asubuhi mtoto hukimbilia shuleni kutazama mmea wake. Wahenga walisema kweli: "Udongo uwahi ungali maji."

NJIA HII SI NGENI

Labda utauliza, "Je, jambo hili ni la mtindo tu?" La. Mwaka 1837, Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha shule ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg. Aliwapa watoto mipira na vipande vya mti vya kupanga. Mwaka 1907, daktari Mwitalia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa watu maskini mjini Roma. Yeye alikata herufi katika karatasi ya msasa, na watoto wakazipapasa kwa vidole kabla ya kuziandika.

Na hapa kwetu? Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio kwa muda wa majuma 12. Hawakuishia kusikiliza. Walizungumza, kisha wakashika majembe, wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Walijifunza kwa sikio, wakamalizia kwa mkono. Je, tuwanyime watoto njia ambayo iliwafaa wazee wao?

WEWE UFANYE NINI?

Kiwango kilichowekwa hapa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule nyingi zina watoto zaidi ya hao katika darasa moja. Tuseme kila mtoto anahitaji vizibo 20. Watoto 45 watahitaji vizibo 900. Mwalimu peke yake atavipata wapi? Lakini kila mzazi akileta 20 tu, kazi imekwisha.

Sikiliza mambo manne ambayo kila mzazi anaweza kuyafanya.

La kwanza: kusanya vizibo 20, au vijiti 20 vyenye urefu wa kidole. Vioshe. Kama kizibo kina ukingo mkali, kigonge kwa jiwe mpaka kilale. Watoto wadogo sana wasiachwe peke yao na vizibo, wasije wakavitia kinywani.

La pili: mpe mtoto shati kuukuu aende nalo shuleni siku ya udongo. Atalivaa juu ya sare yake. Shati jeupe litarudi jeupe.

La tatu: mtoto akirudi ana udongo, usianze kwa kumgombeza. Muulize, "Leo umetengeneza nini, mwanangu?" Akikujibu, "Nimetengeneza herufi b," mwambie akuandikie chini mchangani. Wewe nawe unajifunza kusoma. Mtasoma pamoja.

La nne: nenda shuleni ukamwone mwalimu. Msalimu. Muulize mtoto anaweza nini na hawezi nini. Ukimkuta amechuchumaa na vumbi kwenye pindo la gauni, usimhurumie wala usimcheke. Yuko kazini.

MASWALI

1. Kwa nini nguo yenye mifuko mikubwa humfaa mwalimu?
2. Mtoto aliandika 13 + 9 = 112. Kosa lake lilikuwa nini? Mwonyeshe jirani yako jibu la kweli kwa vijiti.
3. Darasa lina watoto 60. Kila mtoto anahitaji vizibo 20. Vizibo vyote ni vingapi?
4. Mtoto wako amerudi na udongo katika shati. Utamwambia nini? Andika sentensi moja.

MANENO YA KUSOMA KWA SAUTI

mwalimu, kitenge, mfuko, kizibo, kijiti, fungu, udongo, kidole, mzizi, heshima

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja alete vijiti 30 na vipande vitatu vya kamba. Katika somo lijalo tutafunga mafungu ya kumi, sisi watu wazima, kama wanavyofanya watoto wetu. Vaeni nguo ambazo hamwogopi kuzichafua.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.