REJISTA YA SHULE NI MALI YA MTOTO

Hotuba iliyotolewa na mwalimu mkimbizi mbele ya wajumbe wa kamati za wakimbizi, Bujumbura, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Waliotangulia wamezungumza juu ya madarasa, madawati na mishahara ya walimu. Yote ni kweli. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo halipigwi picha siku ya sherehe: daftari ambamo jina la mwanafunzi huandikwa, na ofisi inayolitunza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaambia wafanyabiashara. Lakini sisi tulioacha nyumba, mashamba na ng'ombe, mali gani tumebaki nayo zaidi ya masomo ya watoto wetu?

1. NJIA YA KARATASI

Tuanze na Burundi, nchi iliyotupokea. Shule ya serikali ina direkta wake. Juu ya direkta kuna ofisi ya elimu ya komini, ambayo watu huiita DCE. Juu yake kuna ofisi ya elimu ya mkoa, DPE. Juu kabisa ni wizara. Kwetu Kongo ngazi zinafanana ila majina ni mengine: shule, kisha su-divizio, kisha jimbo la elimu lenye mkuu tunayemwita proved, kisha wizara kule Kinshasa.

Ndani ya shule kuna vitabu vitatu ambavyo kila mzazi anapaswa kuvijua. Cha kwanza ni rejista ya matrikula. Mtoto anapopokelewa anaandikwa humo: namba yake, jina, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi, darasa aliloingia na shule aliyotoka. Cha pili ni daftari la mahudhurio, ambalo mwalimu hulijaza kila siku. Cha tatu ni daftari la alama, na kutoka humo ndipo inapoandikwa buletini ambayo mtoto huileta nyumbani. Kwa hiyo buletini ni kivuli, na daftari la alama ndilo mti wenyewe. Mzazi akipoteza buletini, shule inaweza kumwandikia nyingine, mradi daftari lipo.

2. HESABU HUPANDA, MAJINA HUBAKI CHINI

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watoto wetu wanapopotelea. Kila mwaka direkta hujaza fomu na kuipeleka komini: wavulana wangapi, wasichana wangapi, waliorudia darasa wangapi, walimu wangapi. Komini hujumlisha na kupeleka mkoani. Mkoa nao hujumlisha na kupeleka wizarani. Kinachopanda ni hesabu. Majina yenyewe hubaki chini, katika kabati la direkta.

Jina la mtoto hupanda hadi juu pale anapofanya mtihani wa taifa. Hapa Burundi ni mwisho wa darasa la tisa, na tena mwisho wa sekondari. Kongo kuna mtihani wa mwisho wa darasa la sita, na mwisho wa masomo ya sekondari kuna Exetat, mtihani ulioanza mwaka 1967.

Maana yake ni hii. Kijana aliyefaulu Exetat, kisha akapoteza dipoloma yake njiani, ana mahali pa kuuliza, kwa sababu jina lake lilipelekwa Kinshasa. Lakini mtoto aliyekimbia akiwa darasa la nne, na shule yake ikaporwa au ikachomwa, hana ofisi yoyote inayojua kwamba alimaliza darasa la tatu. Serikali inajua kwamba mwaka ule darasa hilo lilikuwa na watoto hamsini. Haijui kwamba mmoja wao alikuwa yeye.

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na kuteremka uwandani, makumi ya maelfu ya watu walivuka mto Rusizi wakaingia upande wa Cibitoke, na wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba mwaka huohuo Uvira ilipotekwa, wakaja wengine. Nani kati yao alibeba buletini? Mama alibeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hatumlaumu. Lakini mtoto huyo akifika shuleni hupimwa kwa macho: huyu ni mrefu, aende darasa la tano, huyu hajui Kirundi, arudi la pili.

Nimewafundisha watoto wa namna hiyo. Msichana mmoja wa miaka kumi na minne aliwekwa pamoja na watoto wa miaka minane, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema kwamba amefika darasa la sita. Hesabu alizijua kuliko wote. Alivumilia muhula mmoja, kisha akaacha. Masomo hayakumshinda, aibu ndiyo iliyomshinda.

3. OFISI ZINAPOBADILI JINA

Hata palipo na amani karatasi inaweza kupotea, kwa sababu mipaka ya ofisi hubadilika. Chukueni mfano wa mji huu wa Bujumbura. Zamani Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga zilikuwa komini, kila moja peke yake. Mwaka 2014 mji uligawanywa katika komini tatu tu, Mukaza, Ntahangwa na Muha, na Buyenzi ikawa zoni ndani ya Mukaza. Shule ni ileile na ukuta ni uleule, lakini cheti cha mwaka 2010 na cha mwaka 2016 vinataja komini mbili tofauti.

Mwaka 2025 mabadiliko yakawa makubwa zaidi. Mikoa 18 ya Burundi ikawa 5, na komini 119 zikawa 42. Kambi ya Kavumu iliyokuwa mkoa wa Cankuzo, na Bwagiriza iliyokuwa Ruyigi, sasa ziko mkoa wa Buhumuza. Musasa iliyokuwa Ngozi iko Butanyerera. Musenyi iliyokuwa Rutana iko Burunga. Kabati za ofisi kumi na nane zinapounganishwa kuwa tano, faili za watu wasio na wa kuwasemea ndizo huachwa koridoni. Ndugu wajumbe, ulizeni mapema: orodha za wanafunzi wetu zilizokuwa komini ya zamani zimehamia ofisi gani, na nani anashika ufunguo?

Tusisahau pia maji na moto. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, na maelfu ya watu wakahama. Daftari lililo mahali pamoja tu, siku moja huwa halipo mahali popote.

4. WENGINE WANAFANYAJE, NA SHERIA INASEMAJE

Baadhi ya ndugu zetu walipelekwa Marekani miaka iliyopita. Huko shule nyingi za serikali zinaendeshwa na wilaya za shule, na kila mwanafunzi ana faili lake. Mtoto akihama, shule mpya huiandikia shule ya zamani, na rekodi hutumwa kutoka ofisi hadi ofisi. Mtoto hategemei alichobeba mfukoni. Sheria ya mwaka 1974 ya nchi hiyo inampa mzazi haki ya kuliona faili la mtoto wake na kuomba kosa lisahihishwe. Sisi hatuna fedha za Marekani. Lakini kumruhusu mzazi kusoma mstari mmoja wa rejista hakuhitaji fedha.

Sisi nasi hatuko bila sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1963, unagusa jambo hili mara mbili. Ibara ya 22 inataja kutambuliwa kwa vyeti vya shule vilivyotolewa nchi nyingine. Ibara ya 25 inasema kwamba mkimbizi akihitaji hati ambayo kwa kawaida angepewa na wakuu wa nchi yake, na hawezi kuwaendea, nchi aliyomo ihakikishe kwamba anapata msaada huo, ama kwa wakuu wake, ama kwa wakuu wa kimataifa. Burundi ina sheria yake ya hifadhi tangu mwaka 2008, na ofisi yake ya wakimbizi, ONPRA. Kwa hiyo mzazi anayeomba hati ya masomo ya mtoto wake haombi sadaka. Aombe kwa adabu, lakini aombe akijua kwamba ni haki.

5. KISICHOPASWA KUANDIKWA

Ndugu zangu, siwezi kusifu daftari bila kusema hatari yake. Baadhi ya wazee wetu wanaogopa orodha, na wana sababu. Mwaka 1972, hapa Burundi, wanafunzi na walimu walichukuliwa mashuleni kwa kusomwa majina kwenye orodha, na wengi hawakurudi. Mwaka 1994, katika Rwanda, kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho lilitosha kumuua mtu kizuizini. Mzazi anayesita kumwandikisha mtoto wake tusimwite mjinga.

Jibu ni kuandika kinachomsaidia mtoto peke yake. Darasa, alama, umri na jina la mzazi vinamsaidia mtoto. Kabila halimsaidii. Jina la chifu wa baba yake halimsaidii. Sababu ya kukimbia ina mahali pake kwa maofisa wa hifadhi, haina nafasi katika rejista ya shule. Na kitabu kikae penye kufuli, si juu ya meza ambapo kila mpita njia hufunua.

6. MAOMBI YANGU

Kwa wazazi. Jina la mtoto liwe moja. Shuleni anaitwa Furaha, kwenye karatasi ya HCR ameandikwa jina la babu, kwenye cheti cha kuzaliwa jina la tatu: mwisho ofisi itasema hawa ni watoto watatu. Piga picha ya kila buletini kwa simu, na umtumie ndugu anayekaa mahali pengine. Nenda shuleni mwanzo wa mwaka, uombe kusomewa mstari wa mtoto wako.

Kwa walimu wenzangu. Tuandike kwa wino, tusiandike kwa penseli. Palipo na kosa tupige mstari mmoja, tuandike sahihi pembeni na kutia saini. Tusifute wala kuchana ukurasa. Mwisho wa mwaka tutengeneze orodha ya majina na alama za kila darasa katika nakala tatu: moja ibaki kwa direkta, moja iende ofisi ya elimu, na moja itunzwe na kamati ndani ya sanduku la chuma.

Kwa kamati. Kwa watoto waliofika bila karatasi, iundwe tume ndogo ya walimu na wazee waliotoka sehemu moja na mtoto. Wamsikilize, mwalimu ampime kwa maandishi katika lugha aliyosomea, kisha waandike taarifa ya ukurasa mmoja yenye saini zao. Taarifa hiyo haitakuwa cheti cha serikali. Lakini ni afadhali kuliko kupimwa kwa urefu. Nasisitiza lugha aliyosomea. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kurudi kutoka Tanzania miaka ya 2008 na 2009 walikuja na watoto waliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza, wakakuta shule ya Kirundi na Kifaransa. Mtoto asiyejua lugha ya darasa hajapoteza akili yake.

Kwa wageni wetu wa mashirika, nasema kwa heshima. Mradi una mwanzo na mwisho. Mkataba ukiisha, shirika moja huondoka na lingine huja, na mara nyingi orodha za wanafunzi huondoka ndani ya kompyuta ya lile la kwanza. Tunaomba kabla ya siku ya kuagana mtuachie nakala iliyochapwa, mikononi mwa direkta, mbele ya kamati. Ripoti inayokwenda kwa wafadhili ina hesabu. Shule inahitaji majina.

Ndugu Mwenyekiti, hatujui ni lini tutarudi kwetu, wala nani kati yetu atabaki hapa, nani ataitwa mbali zaidi. Popote mtoto atakapofika, mwalimu wa huko atamwuliza swali moja: umesoma hadi darasa gani? Tumpe cha kujibu nacho, kilichoandikwa, chenye tarehe na muhuri. Ninaomba hoja ya nakala tatu na sanduku la chuma ipigiwe kura leo hii, kabla hatujaachana.