Mada: Matokeo ya Wagonjwa Waliobadilishiwa Valvu za Moyo na Ufuatiliaji Wao Wilayani Rungwe

Ndugu Mwenyekiti, nimeombwa nizungumzie madhara baada ya kubadilishiwa valvu ya moyo kwa tundu dogo. Njia hiyo ilianzishwa na Alain Cribier, Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, kwa wagonjwa, wengi wao wazee, ambao valvu ya aota imekakamaa. Madhara yake ni kutokwa damu palipochomwa, kiharusi, valvu kuvuja pembeni, au mapigo kuzorota hadi mtu awekewe betri ya moyo.

Ila mgonjwa wangu wa Rungwe si mzee huyo. Ni binti aliyeugua koo utotoni, homa ya baridi yabisi ikaila valvu ya mitrali. Akiwahi, hutanuliwa kwa puto, nalo ni tundu dogo. Akichelewa, hufunguliwa kifua abadilishiwe valvu, mathalani pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Valvu ya mnyama huchakaa upesi kwa kijana, kwa hiyo mara nyingi anarudi Tukuyu na ile wanayoiita ya chuma, inayogonga kama saa.

Hapo ndipo ugomvi wangu wa miaka yote. Valvu ya chuma inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na kwa mitrali INR, yaani kipimo cha kuganda huko, itembee kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, bonge la damu huziba valvu au hupanda kichwani. Ikizidi, damu huvujia ubongoni. Dawa mpya zisizodai kipimo hazifai: dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye valvu hizi na jaribio likasitishwa. Bila kipimo, basi, tunabahatisha.

Kituo kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na mashine, vitendanishi hakuna. Niliandika barua, nikajibiwa ombi linashughulikiwa. Mgonjwa akapanda magari mawili kwa kipimo cha dakika chache. Masika yalipochachamaa, akaacha.

Na sisi wenyewe tumo. Mtu anaumwa tumbo, tunampa metronidazo, au septrini, bila kuuliza anameza nini, INR inapaa. Mwingine tunamkataza majani ya maboga, tukihofia INR kushuka. Rungwe hii? Ale, ila kiasi kisibadilike-badilike. Kwa mjamzito ni vigumu zaidi: warfarini wiki ya 6 hadi 12 inaweza kumlemaza mtoto, na kuiacha kienyeji kunaweza kumuua mama.

Kwa heshima, nikijua bajeti imeshapita, napendekeza vitendanishi vya INR viingie kwenye maoteo ya wilaya. Kila mwenye valvu awe na kadi yenye dozi na INR ya mwisho, na jina lake liwe kwenye rejesta moja. Kadi isomwe kabla ya kuandika dawa yoyote, na kabla ya kung'oa jino apewe antibiotiki. Wasichana waulizwe kuhusu uzazi kabla hawajasafiri kwenda kupasuliwa. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne isikatike. Vitendanishi, narudia, hata kama nimeshawachosha.

Na mgonjwa akisema hausikii tena mlio wa valvu yake, asipewe panadoli akarudishwa nyumbani. Apewe rufaa ya Mbeya siku hiyo hiyo.