PINGILI YA MUHOGO NA HAKI YA JIRANI



Tunaposikia neno haki, fikra zetu huenda upesi mahakamani na kwenye mipaka ya mashamba. Leo twawaomba mtazame pingili ya muhogo, kwa maana nayo inabeba haki ya jirani.

Mihogo yetu husumbuliwa na magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato hujionyesha: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ina hila zaidi. Mmea waweza kusimama umestawi, kumbe ardhini muhogo umeoza ndani. Mama hugundua siku ya kuvuna, baada ya jasho la miezi mingi, watoto wakingoja chakula.

Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha Amani, Tanga. Kwa miongo mingi ulijulikana hasa mwambao na kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, kisha ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu. Nzi weupe huueneza karibu. Safari ndefu huubebwa na sisi wenyewe, tunapopeana na kuuziana pingili. Desturi ya kutomnyima jirani mbegu ni njema, lakini pasipo uangalifu hugeuka njia ya njaa. Naye ajuaye kuwa shamba lake linaugua, akapeleka pingili zake sokoni, ameuza njaa.

Mmea ukishaambukizwa hauna dawa. Basi, kabla ya kukata pingili tukague majani na shina, tuchimbe mihogo na kuipasua. Mimea iliyougua tuing'oe na kuiteketeza. Hata aina zinazostahimili, kama Kiroba, zaweza kubeba virusi. Tuzichukue kwenye mashamba yaliyokaguliwa.

Lakini tusimwamuru mjane ang'oe shamba lake, kisha tukamwacha mikono mitupu. Ang'oaye kwa usalama wa wote, sharti wote wamsaidie kwa chakula na mbegu safi mpaka avune tena. Viongozi wa jumuiya wakutane na bwana shamba na serikali ya kijiji, wapange kung'oa na kupanda kwa pamoja, kwani shamba moja lililoachwa huambukiza mengine.

Tuyaanze haya kabla ya mvua zijazo.